Mwacheni mwanafunzi aandike insha yake mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni kuhusu mashindano ya uandishi wa insha kwa wanafunzi wa shule za sekondari, na hasa jinsi wanafunzi wa Uganda wanavyoingizwa katika mashindano hayo. Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Tororo, si mbali na Malaba, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya. Jambo hili linanikera na kunihuzunisha kwa pamoja, kwa maana naona vijana wenye uwezo wakikosa faida ambayo shindano lingewapa, ilhali si wao waliokosa akili wala bidii. Kinachowakwamisha ni namna watu wazima wanavyolishughulikia shindano lenyewe.

Mashindano hayapungui. Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, imekuwa ikiandaa shindano la insha kwa shule za sekondari za nchi wanachama, na washindi wamekuwa wakitambuliwa mbele ya wakuu wa nchi. Wanaoandika kwa Kiingereza wana shindano la Jumuiya ya Madola lililoanzishwa mwaka 1883, ambalo kijana wa Uganda mwenye umri wa kati ya miaka 14 na 18 anaweza kushiriki sawa na mwenzake wa London au Singapore. Tangu UNESCO ilipotangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, shule na taasisi mbalimbali pia huitumia tarehe hiyo kwa mashairi, mijadala na insha. Wala hoja ya kwamba Kiswahili ni lugha ya majirani, si yetu, haina tena mahali pa kusimama. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Milango iko wazi. Swali ni nani anayeingia, na anaingia na maneno ya nani.

Nieleze hali ilivyo katika shule nyingi ninazozifahamu. Tangazo la shindano hufika ofisini kwa mkuu wa shule, mara nyingi kupitia kundi la WhatsApp la walimu wakuu, na hukaa hapo hadi siku ya mwisho inapokaribia. Ndipo mwalimu wa lugha huitwa na kuambiwa kwamba shule inahitaji insha moja kabla ya Ijumaa. Kwa kuwa hakuna muda wa kuwashirikisha wanafunzi wote, huchaguliwa yule aliyeongoza katika mtihani wa muhula uliopita, naye huandika kurasa mbili usiku wa prepu, yaani wakati wa kujisomea. Mwalimu akizisoma huona hazitoshi, hivyo huchukua kalamu na kurekebisha sentensi moja, kisha aya, kisha utangulizi mzima, na mwishowe insha inayotumwa ni ya mwalimu ikiwa na jina la mwanafunzi juu yake. Mkuu wa shule huridhika na mzazi hufurahi. Mwanafunzi peke yake ndiye anayejua kwamba hakuandika alichosifiwa, na hilo ndilo somo ambalo shule imemfundisha kwa ukamilifu zaidi kuliko lolote la mwaka huo.

Walimu wenzangu hujitetea kwa kusema kwamba shule nyingine zote hufanya hivyo, na kwamba tukiwaacha watoto wetu waende na Kiswahili chao watashindwa vibaya na Wakenya na Watanzania. Naelewa hofu hiyo. Mtoto wa Tanzania kwa kawaida amesoma karibu masomo yake yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Mwenzake wa Kenya amekuwa akiandika insha tangu akiwa mdogo, na kwa miaka mingi mtihani wa kumaliza shule ya msingi (KCPE), hadi ulipokoma mwaka 2023, ulikuwa na karatasi ya insha yenye alama 40. Wanafunzi wetu wengi hukutana na Kiswahili darasani kwa mara ya kwanza wakiwa kidato cha kwanza, ambako mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya kuwa somo la lazima kwa miaka miwili ya mwanzo. Pengo lipo, nami silikani. Lakini pengo hilo halizibwi kwa mwalimu kuandika badala ya mwanafunzi. Mwanafunzi huyo atabaki palepale alipokuwa, tena akiwa ameaminishwa kwamba hawezi.

Nisisitize hapa jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha barua hii. Insha ya mtihani huandikwa mara moja, kwa haraka, saa ikiwa ukutani na msimamizi akipita kati ya madawati. Mwanafunzi hana nafasi ya kurudi kwenye wazo lake kesho yake akaliona kwa macho mapya. Insha ya shindano ni kitu kingine kabisa. Mada hutolewa mapema, na kati ya tangazo na tarehe ya mwisho kuna wiki kadhaa ambamo mwanafunzi anaweza kuandika rasimu, kuiacha, kuisoma tena, kuona alipodanganya au alipojirudia, kuifuta nusu na kuanza upya. Katika miaka yote ambayo kijana hukaa sekondari, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, huenda hiyo ikawa nafasi yake pekee ya kuandika jambo lilelile mara tatu hadi likawa limesema alichokusudia. Zawadi, cheti na picha gazetini ni vitu vizuri, lakini vinamfikia mtu mmoja au wachache. Kazi ya kuandika upya inaweza kumfikia kila anayeshiriki, ashinde asishinde.

Nimeliona hilo kwa karibu kwa msichana mmoja wa kidato cha tatu katika shule yetu. Waandaaji wa shindano, ambao sitawataja, walikuwa wametoa mada kuhusu biashara ya mipakani na maisha ya vijana. Rasimu yake ya kwanza ilianza na historia: Jumuiya ya kwanza ya mwaka 1967 na kuvunjika kwake mwaka 1977, Mkataba uliotiwa saini mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2000, kisha orodha ya nchi wanachama hadi zikatimia nane kwa kuingia kwa Somalia. Kila kitu kilikuwa sahihi. Hata hivyo, hapakuwa na sentensi hata moja ambayo mwanafunzi wa Kigoma au Kisumu asingeweza kuiandika vilevile. Sikuirekebisha. Nilichora mstari kwa penseli pembeni mwa aya ya pili na kumwuliza ni nani nyumbani kwao anayevuka mpaka.

Alinijibu, "Mama, Mwalimu. Anapeleka maharagwe." Mama yake hununua maharagwe vijijini upande wa Uganda na kuyauza upande wa pili wa Malaba. Rasimu ya pili ikawa yote ni mama. Alieleza jinsi mama anavyokaa jioni akitenganisha noti za Kenya na za Uganda katika mikunjo miwili ya leso, jinsi wanawake wa sokoni, mmoja Mteso, mwingine Msamia, mwingine Mkikuyu, wanavyopatana bei kwa Kiswahili kwa sababu hawana lugha nyingine ya pamoja, na jinsi mama alivyokuwa akipita njia za panya kwa kuamini kwamba forodhani ni mahali pa wenye malori tu. Ilikuwa insha hai, lakini hoja ilikuwa imepotea ndani ya masimulizi. Nikamwuliza sasa: Je, mama yako aliacha njia za panya kwa sababu gani? Hakujua. Akaenda kumwuliza mwisho wa juma, akarudi na jibu kwamba mwanamke mwenzake alimwonyesha kuwa mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anaweza kujaza cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha nchi bidhaa zilikotoka, palepale mpakani na bidhaa zake zikavuka bila ushuru wa forodha.

Rasimu ya tatu ndiyo iliyokuwa insha. Historia ilikuwa imebaki sentensi mbili, mama alikuwa na aya yake moja, na kilichofuata ni hoja iliyotoka kichwani mwa msichana huyo: kwamba sheria nzuri isiyojulikana na watu waliokusudiwa haiwasaidii, na kwamba kijana aliyesoma ana wajibu wa kuisoma kwa niaba ya mzazi wake. Mstari wa "umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu", uliokuwa umefunga rasimu ya kwanza, aliufuta mwenyewe bila kuambiwa. Makosa ya lugha yalikuwepo, nayo tuliyashughulikia mwisho, yeye akitafuta na mimi nikithibitisha.

Kuhusu makosa hayo, naomba majaji na walimu wayatazame kwa uelewa wa mahali mtoto anakotoka. Mwanafunzi anayezungumza Luganda nyumbani ana ngeli tayari kichwani, ila huandika "mutu" na "mutoto" kwa sababu sikio lake limezoea irabu hapo, na herufi l na r humchanganya. Mwanafunzi wangu wa Kijapadhola, ambaye lugha yake haina ngeli za aina hiyo, anapoandika kwa usahihi kwamba kitabu changu kimepotea na vitabu vyangu vimepotea amefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Sisemi kwamba makosa yasihesabiwe. Nasema kwamba insha yenye wazo lake mwenyewe na upatanisho wa kisarufi uliokosewa mahali pachache isishindwe na insha isiyo na kosa ambayo pia haina mwenyewe.

Lipo pia tatizo la mapambo ya kukariri, nalo limeenea mno. Wanafunzi hufundishwa mafungu ya maneno ya kuanzia insha, na bila kujali mada huyaweka palepale: nilirauka alfajiri na mapema, jua lilikuwa likichomoza upande wa mashariki, ndege walikuwa wakiimba matawini. Nimesoma insha kuhusu benki na mikopo iliyoanza na ndege. Hawa si wavivu. Kwa kuwa wengi hawaishi katika Kiswahili nyumbani, wanashikilia maneno ambayo wana hakika nayo, na maneno hayo ni yale waliyoyakariri. Dawa yake si kuwakataza misemo na methali, kwa maana methali ikiwekwa mahali pake huweza kubeba hoja nzima. Dawa ni kuwapa jambo wanalolijua kwa undani na muda wa kulieleza, kisha kuwauliza kwa kila sentensi ya kukariri: hii inaongeza nini? Wenyewe watafuta.

Wako wanaosema sasa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu programu za akili mnemba zinaweza kuandika insha kwa Kiswahili ndani ya sekunde chache. Shule zetu nyingi za bweni haziruhusu simu, lakini likizo ipo, na simu za wazazi zipo. Kwangu jibu ni lilelile ninalompa mwalimu mwenye kalamu. Insha iliyoandikwa na mwingine, awe mtu au mashine, imemnyima mwanafunzi kitu pekee ambacho shindano lilikuja kumpa. Shule inayotaka kuhakikisha uaminifu na iwatake wanafunzi watunze rasimu zao zote, na iwasikilize wakieleza kwa mdomo kwa nini walibadilisha aya hii au ile. Aliyeandika hataona taabu kueleza.

Kwa waandaaji wa mashindano nina maombi machache. La kwanza ni muda. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, na tangazo linalotolewa muhula unapofungwa, tarehe ya mwisho ikiwa kabla ya kufunguliwa kwa muhula unaofuata, linawafikia tu watoto wa mjini ambao wazazi wao wanasoma matangazo hayo. La pili ni kuruhusu insha za kuandikwa kwa mkono. Masharti ya kuchapa na kutuma kwa barua pepe yanaonekana madogo kwa aliyeko Kampala, lakini shule isiyo na umeme wa uhakika humtuma mwanafunzi kwenye kibanda cha kuchapa mjini, ambako anayechapa huenda hajui Kiswahili na programu ya kompyuta inasahihisha tahajia kwa Kiingereza. Nimeona insha ambayo kila "kama" ilikuwa imegeuzwa "karma", na mtoto aliyeiandika kwa hati safi kabisa akaonekana hajui kuandika.

Ombi la tatu, ambalo nalisemea kwa uchungu, ni majibu. Msichana niliyemweleza hapo juu hakushinda, na hilo tulilipokea, maana shindano ni shindano. Lakini insha yake ilikwenda na hatukusikia neno lolote, si alama, si mstari mmoja wa maoni, hata ujumbe wa kusema kwamba ilipokelewa. Mwezi mzima alikuwa akipita ofisini kuuliza, kisha akaacha kuuliza. Najua majaji husoma insha nyingi na muda wao ni mfupi. Hata hivyo, sentensi mbili kwa kila mwanafunzi aliyefika hatua ya wilaya au ya taifa, moja ya kumwonyesha alichofanya vizuri na nyingine ya kumwonyesha pa kuongeza nguvu, zingefaa kuliko fulana na mifuko inayogawiwa siku ya zawadi. Mahali ambapo haiwezekani, basi na itolewe ripoti fupi ya majaji kuhusu udhaifu na ubora walioukuta kwa jumla, ili walimu tuwe na kitu cha kufundishia mwaka unaofuata.

Wakuu wa shule nao nawaomba wabandike tangazo ubaoni siku linapofika, na wamruhusu kila anayetaka kuandika aandike. Walio katika mwaka wa mtihani, yaani kidato cha nne na cha sita, wana mzigo wao, lakini kidato cha pili, cha tatu na cha tano wana nafasi, na chama cha Kiswahili kikipewa saa moja kwa wiki kinatosha kusimamia rasimu. Ikiwa masharti yanataka insha moja tu kutoka kila shule, ichaguliwe mwishoni, majina yakiwa yamefunikwa, na walimu zaidi ya mmoja wakisoma. Mara kadhaa itakayochaguliwa haitakuwa ya yule anayeongoza darasani. Tena mtaala wenyewe sasa unatoa asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa kidato cha nne, kwa kazi zinazofanywa darasani kabla ya mtihani wa mwisho, kwa hiyo kazi ya rasimu haiko nje ya mafundisho kama baadhi yao wanavyodhani. Ni stadi ileile inayodaiwa.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri. Gazeti lako linapopata taarifa ya shindano, tafadhali lichapishe mapema na masharti yake kamili, pamoja na mada, idadi ya maneno na tarehe ya mwisho, badala ya kusubiri siku ya kutoa zawadi na kuchapisha picha ya mshindi akiwa na hundi kubwa ya karatasi. Na siku hiyo ikifika, pamoja na picha, chapisha insha yenyewe yote, ili mwanafunzi wa Tororo, Arua au Kabale aone kazi iliyoshinda ina sura gani na aipime yake kwayo. Ikiwezekana, tenga nafasi ndogo kila wiki kwa insha za wanafunzi wa sekondari kutoka Uganda, zikiwemo zisizoshinda, na umwombe jaji au mwalimu mzoefu aandike maoni mafupi chini yake. Shule yetu iko tayari kutuma insha za kwanza mwanzoni mwa muhula ujao, kwa hati za wanafunzi wenyewe, kila moja ikiwa na rasimu zake zote.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa Kiswahili,
Tororo, Uganda